Arbuni ya Riruta

Jumanne ya tarehe 3 Machi 1992 nilikata mstari mmoja wa mkataba kwa kalamu ya buluu, nikatia herufi za mwanzo za jina langu pambizoni. Sikutumia hata dakika moja. Mstari huo uliwafunga watu watatu kwa miaka sita na nusu. Wa nne ni mimi, na sijafunguka bado.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, karani katika ofisi ya mawakili iliyokuwa ghorofa ya tatu, hatua chache kutoka Koinange Street, Nairobi. Nilipiga chapa mikataba ya mauziano, nilipanga foleni Ardhi House kufanya sachi, yaani kukagua sajili ya ardhi kujua mwenye mali, na wateja walipotia sahihi, mimi nilitia yangu kama shahidi. Siku hiyo wateja walikuwa wawili. Mnunuzi alikuwa mwalimu wa sekondari, mpangaji wa Kawangware, mtu wa maneno machache. Muuzaji alikuwa mzee wa Riruta aliyerithi kipande cha shamba la baba yake, akajenga hapo nyumba ya mawe ya vyumba vitatu. Walikutanishwa na broka ambaye, baada ya kupata chake, hatukumwona tena.

Bei ilikuwa shilingi 240,000. Dipoziti ilikuwa asilimia 10, kama ilivyo desturi mpaka leo: shilingi 24,000, ambazo Mwalimu alikopa kwenye chama cha akiba na mikopo, akaja nazo ndani ya bahasha ya kaki iliyokunjwa mara mbili. Salio lingetoka kwenye mkopo mwingine na biashara ya mkewe ya nguo za mitumba. Wakili wetu alikuwa akiwatumikia wote wawili, jambo la kawaida kwa watu wasiomudu kulipia mawakili wawili. Yeye alikuwa mahakamani. Mkataba ulikuwa tayari mezani, kazi iliyobaki ilikuwa ya karani.

Mkataba wenyewe ulifuata Masharti ya Mauzo ya Chama cha Wanasheria wa Kenya, toleo la 1989. Kifungu cha nne kilisema dipoziti itakaa kwa wakili, naye ataishika kwa niaba ya pande zote mbili mpaka nyumba ihamishwe. Muuzaji asingeigusa kabla ya siku yake, na mnunuzi asingeweza kuidai kwa kubadilisha nia tu. Nilikipiga chapa kifungu hicho mara nyingi hata vidole vilikijua. Sikuwa nimewahi kujiuliza kiliwekwa hapo kumkinga nani.

Ilipofika saa tisa hivi mabomu ya machozi yakaanza kulia upande wa Uhuru Park. Tangu Ijumaa iliyotangulia, kina mama wa wafungwa wa kisiasa walikuwa wamekaa pale penye kona iliyokuja kuitwa Freedom Corner, wakigoma kula, wakidai watoto wao 52 waachiliwe. Mwanaharakati Wangari Maathai alikuwa pamoja nao. Alasiri hiyo polisi waliwavamia. Maathai alipigwa mpaka akazirai, na baadhi ya kina mama wakavua nguo mbele ya askari, laana ambayo hakuna mtoto wa Kiafrika anayetaka kuiona. Sisi kule juu hatukujua hayo yote. Tulichojua ni moshi uliopenya madirishani, milango ya chuma ya maduka ikishushwa kwa kishindo, na watu wakikimbia Kenyatta Avenue wamejifunika leso puani. Matatu za Kawangware hupanda kwa Valley Road, na Valley Road inaanzia papo hapo penye bustani. Kila mmoja mle ofisini aliwaza atafikaje nyumbani.

Ndipo Mzee alipozungumza. Mwanawe wa kwanza alikuwa amelazwa hospitali ya serikali. Tangu Desemba 1989 serikali ilikuwa imeanzisha utaratibu wa wagonjwa kuchangia gharama, na dawa alizoandikiwa kijana zilikuwa zikinunuliwa nje. "Binti yangu," aliniambia, macho yakimtoka machozi ya moshi, au ya jambo jingine, "pesa ikikaa kwa wakili haimponyi mtoto. Nipeni mkononi leo."

Nilimtazama Mwalimu. Naye alitazama dirisha, akaitazama bahasha, akasema, "Mpe Mzee. Mtoto ni mtoto."

Nikachukua kalamu, nikakata kifungu cha nne, nikaandika juu yake: dipoziti imepokewa na muuzaji. Mzee akatia herufi zake pambizoni, Mwalimu akatia zake, nami zangu chini yao. Mzee alizihesabu noti, akazifunga ndani ya kitambaa, akateremka ngazi. Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, nilijiona nimetenda wema kazini.

Karani mkuu wetu alikuwa mzee wa Mji wa Kale, Mombasa. Siku hiyo alikuwa Ardhi House. Asubuhi ya pili alifungua faili, akaona nakala ya kaboni yenye mstari uliokatwa, akavua miwani. Hakunikaripia.

"Mwanangu," alisema, "kwetu pesa hii huitwa arbuni. Na jirani ya neno hilo kuna rubuni. Kinachoyatenga maneno hayo mawili ni mkono unaoishika pesa."

Nilikuwa nimelisikia neno rubuni kwa maana moja tu, ya kumlaghai mtu kwa maneno matamu. Alinieleza kwamba arbuni ilikuja na majahazi kutoka Uarabuni pamoja na mizani na vipimo, na kwamba wanavyuoni waliibishania karne nyingi. Madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi pwani, hayakubali muuzaji ale arbuni biashara inapovunjika, kwa sababu amekula pasi na kutoa kitu. Mahanbali huikubali, wakitegemea kisa cha nyumba iliyonunuliwa Makka kwa Safwan bin Umayya ili iwe jela ya Khalifa Umar, kwa sharti kwamba Umar asiporidhika, Safwan apate fidia. Sheria ya Kiingereza tuliyorithi nayo ina njia yake. Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua mwaka 1884 kwamba dipoziti ni rehani ya ahadi: mnunuzi akivunja ahadi, inakwenda.

"Lakini wote hao," alimaliza, "wanabishana nani aipate ikishikwa. Iliyokwisha tumika haina mjadala. Ina kesi."

Nilidhani anakuza mambo. Muuzaji na mnunuzi walikuwa wameelewana, nyumba ilikuwepo, sachi ilikuwa safi. Ni nini kingevunjika?

Riruta iko ndani ya mipaka ya jiji, lakini eneo lote la Dagoretti lilikuwa sehemu ya Kiambu kabla jiji halijatanuka wakati wa uhuru, na mashamba yake yaliendelea kuhesabiwa kuwa ardhi ya kilimo. Kwa hiyo mauzo yoyote yalihitaji kibali cha bodi ya ardhi chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967. Maombi hupelekwa ndani ya miezi sita tangu mkataba kufanywa. Bila kibali, mkataba ni bure tangu mwanzo, kana kwamba haukuandikwa.

Tulikwenda mbele ya bodi mwezi wa Juni, katika ofisi ya DO, mkuu wa tarafa, wa Dagoretti. Mwalimu alivaa koti lake la kijivu. Mzee alikuja amekonda, kwa kuwa kijana wake alikuwa amefariki mwezi wa Aprili. Tulikaa kwenye benchi nje pamoja na watu wengine ishirini hivi, kila mmoja na bahasha yake. Jina letu lilipoitwa, aliinuka pia mwanamke aliyekuwa mwisho wa benchi, na nyuma yake vijana watatu. Nilidhani amekuja kwa shughuli nyingine. Aliingia nasi.

"Bwana DO," alisema kabla ya kuulizwa, "mimi ni mke wa huyu. Nyumba inayouzwa nimo ndani yake. Nimemzika mtoto wangu hapo mwezi wa nne. Habari ya kuuza nimeisikia kwa majirani."

Chumba kilinyamaza. DO alimuuliza Mzee kama ni kweli. Mzee aliinamisha kichwa. Wajumbe wa bodi walinong'onezana kwa Kikuyu, kisha mmoja akaandika maneno machache kwenye fomu, ikagongwa muhuri. Maombi yamekataliwa.

Tulikuwa na siku 30 za kukata rufaa kwa bodi ya mkoa. Mwalimu alikataa. Tukiwa nje, chini ya mti, alisema, "Siwezi kununua nyumba yenye kaburi bichi na mama anayelia mlangoni. Nirudishiwe pesa yangu tu, niondoke kwa amani."

Mzee alimjibu kwa sauti ambayo bado naisikia: "Mwalimu, pesa yako nimeizika."

Hakukuwa na laghai kati yetu. Hili ndilo lililonisumbua kuliko yote. Kesi nyingi za dipoziti nilizoziona baadaye zilikuwa na mkora ndani yake: ploti moja imeuzwa mara tatu, hati ya bandia, muuzaji aliyetorokea Eldoret. Katika hii nilikuwa na mtu mwema aliyetoa, baba aliyejaribu kuokoa mwana, na mama aliyelinda nyumba yake. Kila mmoja alikuwa na haki. Iliyokosekana ilikuwa shilingi 24,000 pale zilipopaswa kuwa, katika akaunti ya wakili, zikingoja bodi iseme neno lake. Zingekuwepo, Mwalimu angerudi Kawangware siku ileile na bahasha yake ya kaki.

Sheria yenyewe haikuwa na utata. Pesa iliyolipwa kwa mkataba uliobatilika namna hiyo inadaiwa kama deni, na Mahakama ya Rufani ya Kenya ilikuwa imesema mwaka 1983 kwamba zaidi ya pesa hiyo hakuna fidia. Mwalimu alitafuta wakili mwingine, akafungua kesi mwishoni mwa 1992. Ilisikilizwa mwaka 1994, nami niliitwa shahidi.

Nilisimama kizimbani nikaonyeshwa karatasi. Ni wewe uliyekata mstari huu? Ndiyo. Kwa amri ya nani? Ya wote wawili. Uliwaeleza mstari huo ulikuwa wa kazi gani? Hapo nilikaa kimya mpaka hakimu akaniinulia uso. Nikasema: "Sikuwaeleza. Moshi ulikuwa mwingi, na kulikuwa na mgonjwa." Yaliandikwa hivyo hivyo kwenye kumbukumbu za mahakama.

Mzee alipotoa ushahidi wake hakukana deni. Alisema tu kwamba atalipa akipata. Alizaliwa katika mila ambayo shamba lililotolewa kwa mbuzi liliweza kukombolewa, mwenye shamba akarudisha mbuzi, mambo yakaisha. Wazee wa Kikuyu walilibishania jambo hilo mbele ya Tume ya Ardhi ya Carter, ya serikali ya kikoloni, tangu 1932, wakisisitiza kwamba mauzo kama ya Wazungu, ya moja kwa moja, hawakuyajua. Kwa Mzee, basi, shamba lilikuwa limerudi kwa wenyewe na mbuzi watafuata. Haraka ya nini? Nilimwelewa. Lakini mbuzi huzaa wakingoja. Pesa, ikingoja, hufa.

Na ilikufa mbele ya macho yetu. Wafadhili walikuwa wamesitisha misaada Novemba 1991. Uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992 ulimwaga noti mitaani, na zile za mia tano watu waliziita Jirongo, kwa jina la kiongozi wa kundi la vijana lililompigia kampeni Rais Moi. Mwisho wa 1992 dola moja ilikuwa takriban shilingi 36. Mwaka mmoja baadaye ilikaribia 68. Mfumuko wa bei wa 1993 ulifika karibu asilimia 46, na serikali ilikopa kwa hati za hazina zilizolipa riba ya zaidi ya asilimia 70. Riba ya mahakama haikusogelea kiwango hicho. Wakati wote huo Mwalimu alikuwa akikatwa mshahara kila mwezi kulipa mkopo wa bahasha ile.

Hakimu aliamuru arudishiwe 24,000 na riba kidogo, kwa awamu za shilingi 500 kwa mwezi, na kila upande ubebe gharama zake. Jirongo moja kwa mwezi. Malipo yaliletwa ofisini kwetu, kwa kuwa Mzee hakujua pengine pa kuyapeleka, nami nikawa mwandishi wa risiti. Mzee alilipa kwa miaka miwili bila kukosa. Mwaka 1996 aliaga dunia. Nilidhani malipo yangekoma, na Mwalimu naye alinitumia salamu kwamba hatamfuata mjane.

Mwezi uliofuata mlango uligongwa. Alikuwa yule mama wa kwenye benchi, na noti ya mia tano imefungwa kwenye pembe ya leso. Nilimwambia ujumbe wa Mwalimu. Alitikisa kichwa. "Huyo mwalimu alimpa mtoto wangu dawa," alisema. "Hazikumponya. Lakini alimpa."

Alikuja kila mwezi, kwa basi au kwa miguu, mpaka Oktoba 1998.

Mwalimu hakununua nyumba Nairobi. Alistaafu akarudi kwao Vihiga. Aliniambia kwamba mwaka 1992 pesa ile ingetosha mabati ya nyumba nzima aliyokuwa akijenga kijijini. Zilipomfika zote, vipande vipande, zilitosha upande mmoja wa paa. Upande wa pili aliuezeka baadaye kwa pensheni, na rangi za mabati hazikufanana.

Nimeandika haya kwa sababu juzi mpwa wangu alikuja na mkataba wa fleti ya Kileleshwa. Jengo halijainuka, lipo kwenye picha. "Shangazi, ni kutia sahihi tu," aliniambia. Sheria zimebadilika mno tangu nilipokuwa karani. Tangu Juni 2003 mkataba wa ardhi lazima uwe wa maandishi, utiwe sahihi, na sahihi zishuhudiwe. Tulichofanya kwa desturi kimekuwa sharti. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 haikubali nyumba ya ndoa iuzwe mwenzi asiporidhia. Mahakama ya Rufani nayo, mwaka 2014 na tena 2018, imelegeza ukali wa zamani juu ya kibali cha bodi, ikisema haki haimwachi mkono mnunuzi aliyelipa na kukaa katika ardhi kwa imani. Ni mambo mema, na ninayashukuru.

Lakini nilipofika kwenye kifungu cha malipo nilikuta dipoziti, tena asilimia 30, inakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya mjenzi. Nimeona majengo mangapi Kilimani na Kileleshwa yaliyosimama ghorofa ya pili, nyasi zikiota juu ya zege, na wanunuzi wakizunguka mahakamani wakidai arbuni iliyokwisha geuka saruji na mishahara? Nilimwambia mpwa wangu: bei unaweza kuipigania baadaye, tarehe unaweza kuisogeza. Kwanza uliza pesa hii itakaa mkononi mwa nani mpaka siku ya funguo. Wakikujibu kwamba mjenzi ana shida ya haraka, mwonee huruma, umpe sadaka ukitaka. Arbuni usimpe.

Nimesema mama yule alilipa mpaka Oktoba 1998, ila siku yenyewe sijaisimulia. Alileta noti ya mwisho, nikaandika risiti, nikamwambia deni limekwisha. Hakuinuka. Aliomba aonyeshwe ile karatasi. Nilitoa faili, nikaweka mkataba mbele yake. Nilimweleza, kwa kuchelewa miaka sita na nusu, kifungu cha nne kilikuwa cha kazi gani. Alipitisha kidole juu ya mstari uliokatwa, kisha juu ya herufi za pambizoni: za mumewe, za Mwalimu, zangu.

"Na zangu zingekaa wapi?" aliuliza.

Nilitafuta mahali kwenye ukurasa. Maneno yalikuwa yamejaa mpaka chini. Niligeuza karatasi, nikampa kalamu, na nyuma ya mkataba ule uliobatilika, pasipo na mstari wala nafasi iliyopigwa nukta, mama aliandika jina lake lote, herufi moja baada ya nyingine, kisha tarehe. Akaniambia nami nitie sahihi chini yake. Nikatia, kama shahidi.